Soda Si Ujira

Kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo mashirika na sisi wasanii tumekuwa tukiyachanganya siku nyingi: ufadhili na ujira. Ufadhili unatokana na fadhila. Fadhila ni hisani. Ukipewa unashukuru, hupigi hesabu, na hata ukipewa kidogo unaona haya kuuliza. Ujira ni haki ya mtu aliyefanya kazi, na ukipunjwa unadai. Watu wengi wakitoka kutazama maigizo yetu husema wasanii wa kambini na wa vijijini hawajui kazi. Mimi nasema wanaijua sana. Shida ni kwamba wanalipwa kwa fadhila, na mchezo uliolipwa kwa fadhila huishia kuigiza shukrani.

Mfano wangu unatoka Petta. Kwa wasiopajua, Petta iko wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa Jopadhola, si mbali na mipaka ya Malaba na Busia. Iko wilaya moja na Mulanda, na hilo jina Wakenya tulioko Kiryandongo tunalijua vizuri. Mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, wengi wetu tulivuka mpaka tukawekwa Mulanda kwenye kambi ya muda, kabla ya kuletwa huku Kiryandongo. Nina rafiki wa tangu siku zile. Ni mpiga ngoma wa Petta, na ndiye aliyenialika kutazama kikundi chao kikicheza. Mradi ulikuwa wa shirika fulani, mada ilikuwa ndoa za utotoni.

Walicheza chini ya mwembe. Lugha ilikuwa Dhopadhola, na Kiswahili cha sokoni kikaingia kila alipotokea mfanyabiashara kutoka Busia. Nisipoelewa, jirani yangu alininong'oneza. Hadithi utaifahamu hata kama hukuwepo, maana imeshachezwa hapa kwetu mara nyingi. Baba mlevi amekaa na mrija wake kwenye chungu cha malwa. Anataka kumwoza binti wa miaka 15 apate ng'ombe. Mama analia. Anakuja mwenyekiti wa LC1 na dada mmoja amevaa fulana ya mradi. Dada anatoa mawaidha. Baba anapiga magoti, anajuta, anaahidi. Wote wanaimba wimbo wenye jina la mradi ndani yake. Watu wanapiga makofi kiasi, wanangoja soda.

Nianze na yaliyokuwa mazuri, maana yalikuwepo. Ngoma ilikuwa ya kweli. Ile ngoma ndefu wanayoiita fumbo ilipigwa na mtu aliyekulia nayo, si mtu aliyefundishwa wiki iliyopita. Yule aliyeigiza mama alijua kulia bila kelele, na hilo ni gumu kuliko kupiga mayowe. Aliyeigiza baba ndiye aliyenifanya niandike. Mtu huyu ana umri mkubwa, ana sauti, na anajua kungoja. Anaweza kuivuta pombe yake kwa mrija watu 200 wakamtazama bila kukohoa.

Katikati ya mchezo dada wa mradi alimuuliza swali lake kama lilivyoandikwa: kwa nini unamwoza mtoto? Kwenye mazoezi baba alipaswa kujibu, "Nataka ng'ombe." Siku hiyo akamtazama dada, akamtazama tena kuanzia viatu, akasema: "Wewe umekuja na gari. Karo ya muhula huu nani atalipa?"

Mwembe wote ulilipuka. Bibi mmoja alisimama akajibu yeye, kwamba karo si sababu, mbona pesa ya malwa ipo. Kijana mmoja akamjibu bibi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema yeye aliozwa hivyohivyo na hizo ng'ombe hakuziona, zilioa mke wa kaka yake. Watu wakanyamaza. Kwa muda wa dakika tano hivi, sikutazama tena igizo la mradi. Nilitazama tamthilia: baba ana hoja, bibi ana hoja, mwanamke ana kovu, na hakuna ajuaye mwisho.

Kisha kiongozi wa kikundi akagusa ngoma. Wimbo ukaanza, mjadala ukafa. Baba akapiga magoti na kujuta kama ilivyopangwa. Baadaye nilimuuliza kiongozi kwa nini alikata pale palipokuwa patamu. Hakuzunguka. Alisema, "Ndugu yangu, wale wa mradi walikuwa na saa moja tu. Ujumbe usipofika, hatuitwi tena."

Hapo ndipo ninapoona ubovu ulipo. Si kwa mwigizaji wala kwa kiongozi. Fomu ya maombi ilishaandika mwisho wa mchezo kabla mchezo haujatungwa. Anayetoa pesa amenunua ujumbe, kwa hiyo kila kitu kisicho ujumbe ni hasara: ukimya, swali gumu, mtazamaji anayesimama na kubisha. Baba hawezi kuwa na hoja, kwa sababu akiwa na hoja itabidi mradi uijibu, na mradi hauna fungu la karo. Basi anafanywa mlevi. Tazama michezo ya uhamasishaji uliyoiona miaka hii yote, uhesabu walevi. Sisi wanaume wa vijijini na wa makambini si malaika, lakini hatuwezi kuwa tumelewa wote kila Jumatano saa nane mchana.

Najua kuna atakayesema: pesa za afya au za ulinzi wa mtoto lazima zilete ujumbe, sanaa ni chombo tu. Sipingi ujumbe. Nchi hii ya Uganda imeonyesha kwamba wimbo wenye ujumbe unaweza kuwa sanaa kubwa. TASO, iliyoanzishwa mwaka 1987 wakati UKIMWI ulipokuwa ukifagia watu, ilikuwa na vikundi vya nyimbo na maigizo vya watu waliokuwa wakiishi na virusi wenyewe, na Tororo pia ina kituo chake. Mtu alisimama mbele ya kijiji chake akasema, mimi ninao, kisha akaimba. Ujumbe ulikuwepo, na wafadhili walikuwepo. Tofauti ni kwamba aliyeimba ndiye mwenye habari. Hakuna ofisa aliyeweza kumwandikia mwisho wake, kwa sababu mwisho wake alikuwa akiuishi.

Watu wa Tanzania nao walishalifikiria jambo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoa wa Mwanza. Hawakufika na mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao, na tatizo la kuigizwa likatoka kwa wanakijiji, na ngoma zao zikawa ndiyo njia ya kulisema. Kazi ya namna hiyo inataka muda, na muda ni pesa. Mradi unaolipia saa moja chini ya mwembe umenunua saa moja ya sanaa. Usishangae ukipata ya saa moja.

Sasa tuongee pesa yenyewe, maana hapa ndipo tunapoona haya. Kikundi cha Petta walikuwa watu 14. Walifanya mazoezi siku nne na kucheza siku moja. Kila mmoja alipata soda, chapati mbili, fulana na shilingi 10,000 za nauli, ambazo kwa wanaokaa mbali zilibaki kwa mwenye bodaboda. Siku tano za kazi. Wakati huohuo dereva aliyeleta gari alilipwa posho ya siku, na ni haki yake. Aliyechapa bango alilipwa kwa risiti. Mwenye jenereta alilipwa. Mwenye viti alilipwa. Katika watu wote waliofanya kazi siku ile, ni wale tu waliofanya watu waje ndio waliitwa "wanaojitolea".

Hapa Kiryandongo yalinipata ya aina hiyo. Shirika moja, sitalitaja, lilitaka igizo la Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Tulitunga wenyewe, tukafanya mazoezi majuma mawili, tukapewa chakula cha mchana na vyeti. Miezi kadhaa baadaye mtu aliyetoka makazi mengine akaniimbia wimbo wetu mzima, na maneno yangu ndani, akasema waliletewa na mradi. Sikukasirika kwamba wimbo umesafiri. Wimbo mzuri husafiri. Nilichouliza ni jina letu liko wapi, na jibu nililopewa ni kwamba ile ilikuwa "mali ya jamii". Jamii gani? Sisi 12 tuliotunga hatukuwa na habari.

Mtu akikuambia wakimbizi hawaruhusiwi kulipwa kama wafanyakazi, mwulize kasoma wapi. Kwa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Mwaka huohuo, 2006, ikapitishwa pia Sheria ya Hakimiliki, nayo inamlinda mtunzi wa wimbo na wa mchezo. Kwa hiyo kilichokosekana kwenye meza yetu siku ile ni karatasi ya ukurasa mmoja inayosema nani ametunga, nani analipwa nini, na kazi itatumika wapi. Sheria isiyo na karatasi ni kama ngoma isiyo na ngozi.

Wengine, na hasa wazee wetu, hunijibu kwa Kamirithu. Husema: mbona wale hawakungoja mfadhili? Ni kweli, na mfano huo una uzito. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, walijenga jukwaa la wazi la watu kama 2,000 kwa mikono yao, wakacheza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikuyu, huku wakiurekebisha wenyewe pale maneno yalipokosewa. Ulianza Oktoba, na katikati ya Novemba serikali ikauzima. Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa mwisho wa mwaka. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Watu wale walijitolea, lakini walijitolea kwa kitu chao: mchezo wao, jukwaa lao, lugha yao, hoja yao dhidi ya mwenye shamba. Kujitolea kwa kitu chako ni heshima. Kujitolea kwa ajili ya ripoti ya mtu mwingine ni kufanya kazi bure, hata ukipewa cheti chenye nembo.

Na Kamirithu inatufundisha jambo la pili ambalo mashirika hayapendi kulisikia: mchezo wenye hoja ya kweli unaweza kumkera mkubwa. Ndiyo maana fomu hupenda walevi. Mlevi hamkeri mtu.

Upande wa pili lazima usemwe pia. Kutegemea mfadhili ni hatari hata kwa wakubwa. Sauti za Busara ya Zanzibar, tamasha lililoanza 2004 na kuwa moja ya majukwaa makubwa ya muziki Afrika Mashariki, halikufanyika 2016 kwa sababu pesa hazikutosha. Kama hilo limewapata wenye ofisi na jina duniani, sisi tunaofanyia mazoezi chini ya mti tuseme nini? Na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tumeona kwa macho yetu miradi ikifungwa na mgao wa chakula ukipunguzwa. Katika orodha ya vitu vya kukatwa, sanaa huwa ya kwanza. Mtu anaweza hata kuniambia: watu wana njaa, wewe unaongelea maigizo? Ninaongelea maigizo kwa sababu hiyohiyo. Mwigizaji naye ana sufuria nyumbani. Mwaka wa njaa ndio mwaka mbaya zaidi wa kumfanyisha mtu kazi siku tano kwa soda.

Kwa hiyo tutazame kazi iko wapi, maana ipo. Rafiki yangu wa Petta haishi kwa miradi. Anaishi kwa matanga, harusi na kampeni za uchaguzi. Kwenye matanga hakuna fomu. Familia inakubaliana naye bei, inampa chakula na mahali pa kulala, na akipiga vizuri watu wanasimama mmojammoja kumtunza. Lugha yetu ina akili: kutunza ni kumpa msanii pesa mbele za watu, na kutunza ni kumlea. Mtazamaji anayekutunza anakupima papo hapo. Ukipiga ovyo hupati kitu. Hakuna mradi uliowahi kumpima mpiga ngoma kwa ukali wa shangazi aliyefiwa.

Kazi nyingine iko shuleni. Huku Uganda mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo, ambayo kila mtu huyaita MDD, huzifanya shule kutafuta walimu wa kuwanoa watoto kila mwaka. Ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, tamasha la kitaifa la maigizo la shule linahitaji watunzi na wafundishaji vilevile. Hapa Kiryandongo tuna watu wanaojua ngoma ambazo mwalimu wa shule hawezi kuzipata kitabuni. Wanaoitwa wanalipwa, si sana, lakini wanalipwa kwa kazi waliyoifanya, na kazi inapimwa. Kikundi kinachojua kuongea na mwalimu mkuu kina mlango ambao hauhitaji Kiingereza cha maandiko ya miradi.

Majengo nayo yameanza kuja. Kule Yumbe, katika makazi ya Bidi Bidi, kimejengwa kituo cha muziki na sanaa ambacho paa lake linakusanya maji ya mvua. Nafurahi kwamba mtu ameona mkimbizi anastahili jengo zuri, siyo turubai. Lakini swali langu kwa kila jengo la namna hiyo, popote litakapojengwa, ni moja: ndani yake nani analipwa kutunga? Matofali huingia kwenye bajeti kirahisi kwa sababu yanahesabika na yanapigwa picha. Majuma sita ya mtu anayeandika mchezo hayapigwi picha.

Nimalizie na maombi, kwa pande mbili.

Kwa wenzangu wasanii: kabla ya kuanza mazoezi, ulizeni kuhusu malipo, na muulize wote kwa sauti moja, maana akiuliza mmoja ataitwa mkorofi. Hesabuni siku za mazoezi pamoja na siku ya onyesho. Andikeni majina ya watunzi juu ya karatasi ya maneno, mpige picha kwa simu, kila mmoja abaki nayo. Mkiamua kucheza bure, chezeni bure kwa mchezo wenu, mwisho wake mmeuchagua ninyi. Na mkipata jibu zuri kutoka kwa watazamaji katikati ya mchezo, msiiguse ngoma.

Kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida letu, na najua mnalisoma: mwaka 2016 kule Istanbul wakubwa wenu waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya kibinadamu, asilimia 25, itafika kwa watendaji wa ndani ya nchi kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka huo ulipita na robo haikufika. Hilo hamliwezi ninyi wa Bweyale wala wa Tororo. Lakini kuna mnaloliweza. Kwenye bajeti ya igizo lenu lijalo, pale palipoandikwa soda na nauli, andikeni ujira wa waigizaji, kwa siku, pamoja na siku za mazoezi. Kwenye ratiba ongezeni saa moja isiyo na ujumbe, muiache wazi. Kwenye ripoti, pale mnapohesabu wanaume na wanawake waliohudhuria, ongezeni mstari mmoja: watazamaji walibisha nini? Mimi ningesoma ripoti hiyo.

Yule baba wa Petta aliuliza karo italipwa na nani. Swali lake halijajibiwa, na pengine mradi wa ndoa za utotoni hauwezi kulijibu. Lakini kijiji kilikuwa kimeanza kulijibu chenyewe, bibi upande huu, kijana upande ule, kwa dakika tano, bure kabisa. Kama kuna kitu pale mwembeni kilichostahili kulipiwa, ni zile dakika tano.